Jumamosi ya Kushuka Tarholmen

Ukitaka kuwajua binadamu vizuri, fanya kazi ya kuwatabiria hali ya hewa. Jorunn aliifanya miaka thelathini na moja, na katika miaka yote hiyo hakuna hata mmoja aliyemshukuru kwa jua. Mvua ndiyo kila mtu alimjia nayo. Akiingia dukani Brennvika kununua maziwa, muuza duka anamtazama kwa juu ya miwani.

"Karibu, mwenye mvua. Shuka nilizoanika kwa maneno yako ya wiki jana bado ziko kambani."

Na aliye nyuma kwenye foleni anadakia, "Mwache bwana, kachoka. Si unajua ile theluji ya Mei aliibeba peke yake?"

Jorunn hucheka, hulipa maziwa yake, hutoka. Angefanyaje? Ofisi yake iko mjini, saa nzima kwa gari, na kazi yake ni utabiri wa siku kumi wa pwani yote ya kaskazini. Siku mbili tatu za mwanzo ni za wenzake. Yeye amepewa zile za mbali, ambako hata mashine yenyewe, kompyuta ya hesabu, hushikwa na kigugumizi. Mashine hupiga hesabu ileile mara hamsini, kila mara ikibadilisha mwanzo kidogo tu, kisha huchora mistari hamsini. Siku za karibu mistari hushikana. Ikifika siku ya saba inatawanyika kama tambi zilizomwagika sakafuni. Jorunn huzikodolea macho tambi hizo, halafu huandika maneno yake: inaelekea, huenda, kuna uwezekano.

Siku hasa hakuwahi kumtajia mtu. Wachumba walimfuata mpaka mlangoni.

"Tunafunga ndoa tarehe nane, bustanini. Itanyesha?"

"Asilimia arobaini."

"Ndiyo au hapana?"

"Asilimia arobaini."

Dada yake mkubwa, Turid, alikuwa akisema ndiyo maana Jorunn hakuolewa: mwanamume angemuuliza kama anampenda, naye angempa asilimia.

Basi mwaka huo mama yao, Bi Hansine, akakaribia kutimiza miaka tisini. Turid akataka ukodishwe ukumbi wa jumuiya, na meza zenye vitambaa, na hotuba. Bi Hansine akasema hotuba atazisikia akishakufa, tena bila kuzijibu. Yeye alitaka kitu kimoja. Alitaka kunywa kahawa Tarholmen.

Tarholmen ni kisiwa alichozaliwa. Alihama akiwa msichana, serikali ilipowalipa watu wa visiwa vya nje wahamie bara, na tangu siku hiyo hakukanyaga tena. Kila mwaka watu walimwambia twende, na kila mwaka alikuwa na udhuru: kondoo wanazaa, viazi havijapandwa, mgongo. Gati lilikwishachukuliwa na bahari zamani. Limebaki diko la mawe tu, mahali pa kushukia, na pale hapashukiki ila bahari ikiwa imelala kabisa. Sasa ghafla anataka, na daktari amekwisha kumtazama nyonga na moyo, akasema mwaka huu sawa, mwaka ujao asimwulize.

Wajukuu walikuwa kusini, mmoja hata Denmark. Walihitaji kujua siku mapema wapate tiketi na ruhusa kazini. Turid akapiga simu.

"Siku kumi kabla, mdogo wangu. Wanataka siku. Siyo inaelekea, siyo huenda."

"Turid, siku ya kumi haijulikani. Hakuna mtu duniani anayeijua."

"Sasa serikali inakulipa kwa ajili ya nini?"

Jorunn akaenda kwa mama, akidhani huko atapata huruma. Bi Hansine alikuwa jikoni anamenya viazi, redio inaongea peke yake.

"Mama, naweza kusema wikiendi ile ina nafasi nzuri kuliko..."

"Sitaki nafasi. Taja siku, nivae."

"Na nikikosea?"

"Nitakuwa nimevaa."

Jorunn akaendesha gari kurudi mjini akiwaza. Watu wa dukani wakilowa ni shauri yao, watakauka. Lakini akikosea hii, mama yake hatakiona tena kisiwa chake, basi, imekwisha hiyo. Siku mbili hakulala vizuri. Alizitazama zile tambi asubuhi na jioni mpaka mwenzake wa meza ya pili, anayeshughulikia bahari, akamwuliza kama ana mgonjwa nyumbani.

Siku ya tatu mistari ikaanza kukusanyika. Hewa nzito, tulivu, ilikuwa inajikunja kutoka mashariki ije ikalie pwani. Katika mistari hamsini, arobaini na minne ilisema Jumamosi hakuna upepo. Jorunn akahesabu tena kwa kidole. Arobaini na minne! Kwa siku ya tisa, hiyo hutokea mara moja kwa miaka kadhaa. Akanyanyua simu, akamwambia dada yake, "Jumamosi."



"Asilimia ngapi?" Turid akauliza.

"Nimesema Jumamosi, wewe vipi? Nunua tiketi."

Na Jumamosi ikaja. Loo, ilikuja! Jua lilikuwa halijazama kwa wiki nne, kama kawaida ya kiangazi cha kaskazini kabisa, lakini asubuhi ile lilikuwa na joto la kweli, la kuvua sweta. Bendera ya shule ilining'inia kama kitambaa cha vyombo. Watu kumi na wanne walikusanyika gatini Brennvika na mabirika ya kahawa, maandazi bapa yenye jibini ya kahawia, na keki ya krimu ya ghorofa tatu ambayo Turid aliibeba mwenyewe, hakumwamini mtu. Bi Hansine alikuja amevaa koti jekundu na mkufu wa fedha. Walimkalisha katikati ya sitaha kwenye kiti cha bustani, wakakifunga kwa kamba.

"Msinifunge kama mbuzi," akasema, lakini alikuwa anatabasamu.

Mwenye mashua alikuwa Ingvart, mtoto wa shangazi yao, mvuvi wa miaka sitini na miwili mwenye sauti ya kuita watu wa ng'ambo. Alilitazama anga, akalitazama tena, akamwendea Jorunn.

"Si mbaya," akasema.

Kule, mtu akikuambia si mbaya, amekupigia magoti. Watu wa kule hawalisifu jua, wanaogopa litawasikia na kuja kudai fidia. Na muuza duka, aliyekuwa amekuja gatini na pakiti ya kahawa ya zawadi, akampa Jorunn mkono, akautikisa bila utani wowote. Miaka thelathini na moja! Kichwa kikamvimba, nisikufiche. Safari nzima alikaa mbele ya mashua, uso juani, akiona raha ambayo hajawahi kuiona kazini. Nyuma yake wajukuu walikuwa wanaimba, na mama alikuwa anawasahihisha maneno ya wimbo.

Walitoka kwenye ghuba, wakapita mnara wa taa. Maji yalikuwa laini kama mafuta. Ila mashua ilikuwa inapanda. Polepole inapanda, inakaa juu, polepole inashuka. Jorunn aliihisi tumboni kabla ya kuiona kwa macho, akajiambia ni furaha.

Ilikuwa saa sita mchana, maji yamejaa, walipofika mbele ya Tarholmen. Nyasi za kijani, misingi ya mawe ya nyumba tano, ndege kelele tupu. Wote wakasimama kuona. Na hapo diko lenyewe, mawe mawili makubwa na uchochoro katikati, likafunikwa lote na maji meupe, likanguruma, likafunuka tena, likimwaga maji pembeni. Kisha kimya. Jua linawaka, hata unywele haupepei.

"Ala," akasema Ingvart. "Maji yamefika juu leo."

Akazima injini, akatazama. Baada ya muda akajikuna kidevu.

"Yanakuja matatu makubwa, halafu yanatulia. Tukipiga makasia upesi hapo katikati tunafika. Kile kimashua cha makasia kinabeba wanne. Naanza na Bi Hansine, vijana wawili wamshike kiti, mmoja wao aruke na kamba."

"Tunaweza!" wakasema vijana, tayari wamevua viatu.

Jorunn alikuwa anahesabu. Kutoka kilele mpaka kilele: sekunde kumi na nne. Akahesabu tena. Kumi na nne.

Mawimbi ya upepo wa karibu hufuatana haraka haraka, yanasukumana. Haya hayakuwa ya karibu. Kulikuwa na dhoruba kubwa kusini ya Greenland mwanzoni mwa wiki. Yeye mwenyewe aliiona kwenye ramani, akaipungia mkono kwa sababu ilikuwa inakufa, na ikafa kweli, siku tatu zilizopita. Lakini mawimbi hayafi siku moja na dhoruba iliyoyazaa. Yanaendelea kutembea peke yake, siku baada ya siku, mpaka yapate ufuko wa kuvunjikia. Na yeye je? Yeye aliutazama upepo tu. Utabiri wake wa siku kumi una safu tatu: upepo, mvua, joto. Bahari ni ya meza ya pili. Mtu aliyekaa hatua mbili kutoka kwake, tena akamwuliza kama ana mgonjwa, na yeye hakumwuliza swali hata moja! Aliona aibu mtu wa ofisini ajue kwamba mtaalamu mzima anatabiria keki ya mama yake.

Ingvart alikuwa ameshateremsha kimashua. Mjukuu mmoja alikuwa anafungua kamba za kiti.

Sasa fikiri alivyokuwa. Nyuma yake wako watu wote waliokuja kwa neno lake. Siku ni ileile aliyoitaja, jua limetoka, upepo hakuna, kila kitu kama alivyosema. Angenyamaza tu, Ingvart angejaribu, pengine wangefika salama, Jorunn angebaki shujaa wa Brennvika mpaka kufa kwake. Pengine. Uwezekano mkubwa, hata.

"Ingvart, acha," akasema.

"Nini?"

"Acha, Mama hashuki. Hakuna anayeshuka."

"We vipi, kuna utulivu kama kwenye sinia."

"Si utulivu. Ni mawimbi ya mbali, na makubwa yake bado hayajaja. Nimekosea." Akapaza sauti ili hata wa nyuma wasikie, maana aliona akilisema kwa kunong'ona litamrudi kooni. "Jamani, nimekosea. Niliangalia upepo, sikuangalia bahari. Siku niliyowapa siyo."

Turid akageuka na ile keki mikononi. "Umekosea? Mtoto katoka Denmark! Mama ana miaka tisini! Miaka thelathini hutaki kusema siku, leo umesema, tumefika, unasema siyo?"

"Ndiyo."

"Jorunn, ni mita hamsini tu!"

"Ndiyo, naziona, mita hamsini. Hashuki."

Wakati wanabishana, ukaja msafara mwingine wa mawimbi. La kwanza likafunika mawe. La pili likafunika mawe na nyasi. La tatu likapanda mpaka karibu na msingi wa nyumba ya kwanza, na mashua nzima ikainuka, ikalala ubavu kidogo, keki ikateleza kwenye sinia na Turid akaidaka kwa kifua. Ingvart akakivuta kimashua ndani taratibu, akakifunga, akawa anatazama mikono yake.

Bi Hansine hakuwa amesema neno tangu wafike. Alikuwa anamtazama binti yake mdogo kwa namna ambayo Jorunn hakuielewa, akadhani ni huzuni, moyo ukamuuma sana.

"Nisamehe, Mama."

"Maji yanakupwa saa ngapi?" mama akauliza.

Jorunn akafungua jedwali kwenye simu. "Saa kumi na mbili na robo. Ni bamvua, mwezi mwandamo. Yatarudi nje mbali sana."

"Na kipwa?" Mama akanyoosha kidole kwenye maji matupu upande wa nje wa diko. "Pale. Kikitoka chote, kinaziba."

Jorunn akatafuta ramani ya Ingvart, akaona. Kweli palikuwa na mwamba mrefu chini, umelala mbele ya diko kama kizingiti. Akapiga hesabu mara mbili, mara tatu.

"Kwenye saa kumi na moja na nusu kitakuwa nje," akasema. "Kwa muda wa saa moja na ushee. Nyuma yake patatulia."

"Asilimia ngapi?" akauliza Ingvart, na hapo watu wakacheka, hata Turid, ingawa krimu ilikuwa inamtiririka kwenye blauzi.

"Kwa maji kupwa na kujaa hatutumii asilimia," Jorunn akajibu. "Hilo ni mwezi, siyo mimi."

Wakatia nanga ubavuni mwa kisiwa, wakangoja. Saa tano na zaidi, bwana! Mkwe mmoja alitapika kila kitu alichokula tangu Ijumaa. Ghorofa ya juu ya keki ikaliwa kwa mikono, kwa kuwa ilikuwa imeshaharibika, na ya pili kwa kuwa ilikuwa tamu. Ingvart akavua samaki wawili, akawachemsha na maini yao na viazi alivyokuwa navyo ndani. Bi Hansine akala sahani nzima, akalala kitini, akakoroma mdomo wazi, koti jekundu hadi kidevuni. Mjukuu wa Denmark akakaa karibu na Jorunn, akataka aonyeshwe zile tambi kwenye simu, wakacheka nazo. Ukimtoa yule mkwe, sidhani kama kuna aliyejuta siku ile.

Saa kumi na moja kikaonekana kichwa cheusi nje ya diko, kina nywele za mwani. Kikakua. Nusu saa baadaye ulikuwa ukuta mzima, na mawimbi ya mbali yalikuja yakaupiga, yakavunjikia huko nje kwa ghadhabu, na nyuma yake diko likawa dimbwi. Ingvart akapiga makasia bila haraka. Vijana wakabeba kiti na bibi yao juu ya mwani unaoteleza, yeye akiwatukana kila hatua ili wasijisahau, mpaka kwenye nyasi.

Hapo akataka kushuka. Akatembea mwenyewe, fimbo mkono mmoja, Jorunn mkono mwingine, hadi msingi wa tatu, akaketi juu ya jiwe la mlangoni. Wengine walikuwa wanatandika mikeka na kumimina kahawa chini kidogo. Turid alikuwa anagawa keki iliyobaki. Jua lilikuwa bado juu.

"Ulijua?" Jorunn akamwuliza. "Kule kwenye mashua. Ulijua kama bahari siyo?"

"Tangu kwenye mnara wa taa. Matako haya yamekaa kwenye mashua kabla hujazaliwa."

"Na ukanyamaza?"

"Nilitaka kusikia utasema nini."

"Na nisingesema?"

"Ningekataa kutoka kwenye kiti. Unadhani mimi mjinga?" Mama akacheka kidogo, kisha akaacha. Alikuwa anatazama diko. "Babu yako alikufa pale."

"Najua, Mama. Kwenye dhoruba."

"Hapakuwa na dhoruba. Hiyo tuliisema baadaye, kwa kuwa ukisema dhoruba hakuna anayeuliza zaidi. Ilikuwa siku kama leo. Jua hivi hivi. Alikuwa anarudi kutoka kuvua, na wenzake wawili, sisi tumesimama hapa tunawangojea. Kulikuwa na desturi. Mtu aliyesimama nchi kavu ndiye anayeona diko vizuri. Kama halishukiki, anasimamisha kasia, analinyoosha juu, na walio nje wanangoja hata siku nzima. Siku hiyo kasia nilikuwa nalo mimi. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Niliona maji yanavyopanda, Jorunn. Niliona vizuri. Lakini jua lilikuwa zuri, watu wote wanacheka, baba yangu ananipungia mkono, nikaona haya. Nikajiuliza, mimi ni nani nimwambie asubiri? Watanicheka. Nikaliacha kasia chini."

Jorunn akamshika mkono.

"Hakuna aliyenilaumu. Hawakuuliza kabisa, hata mama yangu." Bi Hansine alisema polepole, kama mtu anayehakikisha hesabu. "Sikutaka kurudi hapa, ndiyo maana kondoo wangu walikuwa wanazaa kila mwaka. Halafu nikaona ninakufa bila kurudi. Na leo mwanangu amesimama mbele ya watu wote, jua linawaka, akasema hapana, tungoje. Miaka sabini na minne nilitaka kulisikia neno hilo likisemwa mahali hapa."

Alilia kidogo, na Jorunn alilia zaidi, hakujali nani anaona. Kutoka chini Turid aliita kwamba kahawa inapoa na maji yameanza kujaa, zimebaki dakika arobaini. Bi Hansine akajifuta uso kwa mkono wa koti.

"Mwambie alete hapa," akasema. "Nitainywea mlangoni kwetu."